Tuchume Bila Kuua Mti
Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti katika baraza la wananchi, Emali



Nimeombwa niseme machache kuhusu mimea ya porini tunayoila na tunayojitibu nayo. Wengi hapa wanaijua kunishinda. Nitakumbusha mambo matatu tu.

La kwanza ni chakula. Wazee wanaukumbuka ukame wa 1984, ule ulioitwa Nikwa Ngwete, yaani nakufa nikiwa na pesa mkononi. Pesa hazisaidii unga ukikosekana dukani. Nyakati kama hizo ubuyu, ukwaju na mboga za mwitu huvusha familia. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya kiasili kuwa mfano mwema wa kuigwa. Basi mtoto asione haya kula terere au mnavu. Ila msichume kando ya barabara kuu, kwenye mitaro ya maji taka, wala katika shamba lililopuliziwa dawa. Na matunda mabichi ya mnavu yasiliwe, yana sumu.

La pili ni dawa. Gome la kyoa limetumika tangu zamani kuondoa minyoo, lakini kipimo kikizidi mgonjwa huumia. Msunguti, ambao kwa Kikamba ni kivai, uliwapa wawindaji sumu ya mishale, na sumu hiyo husimamisha moyo. Anayejua jina la mti tu, bila kujua sehemu ya kukata, kipimo, na nani asipewe, bado hajaijua dawa. Mtoto mwenye homa apelekwe kwanza kituo cha afya apimwe malaria. Mama mjamzito asipewe mizizi kwa kubahatisha. Na ukifika hospitalini ukiwa umekunywa dawa ya miti, mwambie daktari bila kuficha. Anahitaji kujua ili dawa zisigongane mwilini.

La tatu ni mti wenyewe. Emali ni mji wa soko. Barabara kuu na reli zinapita hapa, na gunia lililofungwa asubuhi laweza kuwa Nairobi au Mombasa jioni. Zamani mganga alibandua gome la kumtosha mgonjwa mmoja. Mfanyabiashara anataka magunia. Gome likibanduliwa kuuzunguka shina lote, chakula kinachotengenezwa na majani hakifiki mizizini, na mti hufa ukiwa umesimama. Kwa hiyo kata kipande chembamba, upande mmoja tu. Ukichimba mzizi, chukua wa pembeni kisha ufukie shimo. Ukichuma matunda, bakisha ya ndege na ya mbegu.

Kumbukeni pia kwamba uvunaji wa mshubiri wa porini, yaani kiluma, ulipigwa marufuku kwa amri ya rais mwaka 1986, na wa msandali mwaka 2007. Kabla ya kumuuzia mtu mmea wowote wa porini, muulize afisa wa misitu. Atakayekamatwa na mzigo ni wewe.

Ndugu zangu, sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inazipa kaunti jukumu la kuyasajili maarifa hayo, ili mtu wa nje asiyachukue na kuyauza huku wenyeji wakibaki mikono mitupu. Lakini hatuwezi kusajili kilichofichwa kichwani. Mzee akiondoka bila kusimulia, mjukuu hubaki na panga na jina la mti, bila kipimo. Hapo ndipo mti unapokufa, na mtu naye anaweza kufa.

Basi wazee wetu, shule zikifungwa, mwende porini na wajukuu. Waonyesheni mti, wafundisheni jina lake kwa Kikamba, waonyesheni pa kukata na pa kuacha. Walio tayari kutusimulia, wamwone msimamizi wa wadi, nasi tutakuja na daftari.