Nyavu Zetu Zilitoka Wapi?

(Maneno ya ofisi ya miradi mbele ya kamati za sharika na wahisani, Ilemela)



Wengi wetu hapa tunaukumbuka mwaka 1999. Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya kusikika kwamba wako wanaovua kwa sumu. Aliyevua sangara kwa nyavu halali Igombe au Kayenze aliumia sawa na mwenye sumu, kwani hapakuwa na karatasi ya kuonyesha samaki yupi ametoka kwa nani.

Tangu hapo kumefanyika kazi kubwa. Maabara ya uvuvi ya Nyegezi inapima samaki, vikundi vya BMU vinalinda mialo, na minofu inayokwenda nje husafiri na nyaraka zake. Tunawapongeza wahusika.

Sasa tujitazame sisi. Mnafahamu kwamba tulikopesha vijana nyavu kupitia mfuko wa mradi. Tulitafuta bei nafuu, tukaipata kwa muuzaji mmoja, tukapokea risiti, tukagawa na kupiga picha. Nyavu zilipokaguliwa mwaloni zikaonekana ni timba, zile za uzi mmoja wa plastiki zilizokatazwa kisheria. Zikateketezwa. Risiti yetu ilisema "nyavu", idadi na bei, basi. Haikutaja aina ya uzi, ukubwa wa matundu wala kiwanda. Nasi hatukuuliza. Vijana wakabaki wanadaiwa majivu.

Deni hilo tumelifuta. Hasara imeandikwa wazi katika hesabu za mradi, na wahisani mliotuandikia kwa uchungu mlikuwa na haki. Tulikuwa tukiwahimiza wavuvi waeleze samaki wao wametoka wapi, huku ofisi yetu haijui nyavu zake zimetoka wapi!

Hivyo basi, hatutalipa tena ankara isiyotaja kiwanda, aina ya uzi na ukubwa wa tundu. Aidha, kabla ya malipo, wavuvi wawili watakaochaguliwa na kamati yenu watafungua mzigo na kupima matundu kwa rula. Manunuzi yatachelewa, na pengine nyavu zitakuwa ghali zaidi, kwa hiyo watakaokopeshwa awamu hii watakuwa wachache. Tunajua wako ambao majina yao yamekwisha kuandikwa. Tutakwenda kuwaeleza wenyewe, tusiwaachie wazee wa usharika mzigo huo.

Fomu za ukaguzi ziko kwa makatibu. Za Kayenze zimepungua, tutazileta Jumatatu.