Karatasi ya Yezebeli na Shamba la Nabothi

Somo: 1 Wafalme 21:1-19



Hadithi ya Nabothi tunaijua tangu Ekodim. Mfalme Ahabu alitamani shamba la mizabibu lililo karibu na nyumba yake. Akaahidi kulipa feza, au kutoa shamba lingine zuri zaidi. Nabothi akakataa, kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake. Wahubiri wengi hukimbilia yale mawe aliyopigwa nayo. Mimi leo nawaomba tusimame kwenye mstari wa 8. Yezebeli hakutuma askari kuvunja ua wa Nabothi. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akatia muhuri. Shamba liliondoka kwa karatasi kwanza, mawe yakaja baadaye.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 1 Julai 1885, wakati nchi hii ilikuwa mali ya Leopold II, kulitoka amri ya kusema kwamba ardhi isiyo na mtu ni ya Leta. Wenyeji wasiondolewe mahali wanapokaa, amri ilisema hivyo pia, na masikioni ilikuwa nzuri. Lakini ni nani alipima kama ardhi ina mtu au haina? Shamba lililopumzishwa ili lipate nguvu, malisho ya ng'ombe, kilima cha kuni, mahali walipozikwa wazee: mzungu alipita pale, hakuona mtu mwenye jembe, akaandika kwamba ni ardhi tupu.

Mwaka 1928 ikaundwa Komite ya Taifa ya Kivu, ile CNKi ambayo wazee wanaikumbuka. Ilipewa uwezo wa kugawa ardhi kwa walowezi. Hivyo yakatokea mashamba makubwa ya chai, kahawa na miti ya kwinini huku Bushi na kandokando ya ziwa. Mtu aliyechunga ng'ombe wa baba yake juu ya kilima akajikuta anachuma majani ya chai kilima kilekile, kapita akimsimamia.

Bashi walikuwa na desturi yao ya ardhi, kalinzi. Ulitoa ng'ombe kwa mwami au kwa mkubwa wa kilima, watu wakiona, na shamba likawa lako na la watoto wako. Karatasi haikuwepo. Ushahidi ulikuwa macho na midomo ya majirani. Sisemi ilikuwa paradiso: bami nao waliweza kuonea, na mama hakuwa na shamba kwa jina lake mwenyewe. Lakini kila mtu alijua mpaka uko wapi.

Halafu uhuru ukaja, tukacheza. Tarehe 20 Julai 1973 ikatoka sheria ya ardhi ambayo bado tunaijua leo: udongo wote ni mali ya Leta peke yake. Sheria hiyo ilisema haki za watu wa vijijini zitapangwa na agizo la Rais. Miaka ikapita, kumi, ishirini, arobaini, agizo halikutoka. Tarehe 30 Novemba mwaka uleule 1973, Mobutu akatangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yatakuwa ya Wazairwa. Yalienda kwa nani? Wajukuu wa wale waliofukuzwa kilimani walipata kidogo sana. Wengi waliopewa walikuwa watu wenye jamaa mahali pa juu. Mlango uliofunguliwa mwaka 1885 haukufungwa, ufunguo tu ulibadilisha mkono.

Ndugu zangu, wako wanaosema ukoloni ulikwisha zamani, tuache kulia juu ya Wabelgiji. Wako wengine wanaotupa kila kosa juu ya Wabelgiji. Someni tena sura yetu. Yezebeli alikuwa mgeni, binti wa mfalme wa Wasidoni, na alileta desturi ya kutawala ya kwao. Ahabu, Mwisraeli, alijua urithi ni nini, ndiyo maana aliponyimwa alilala tu na kununa. Lakini njia ya mgeni ilipomletea shamba, aliamka akashuka kulichukua. Na ile barua ilipelekwa kwa nani? Kwa wazee na wakubwa wa mji wa Nabothi, watu waliokaa naye. Hao ndio walioita mkutano, hao ndio walioketisha mashahidi wawili wa uongo. Muhuri wa Samaria usingeweza kitu Yezreeli bila mikono ya majirani.

Nazungumza na sisi sasa, si na Brussels. Familia inakimbia vita, inarudi, inakuta shambani kuna mtu mwenye sertifika. Mama amefiwa, arobaini haijaisha, shemeji ameshauza. Na chini ya karatasi kuna sahihi ya shahidi ambaye Jumapili anaimba kwaya pamoja nasi. Hata makanisa yetu yajiulize parseli zetu zilipatikana namna gani, maana misioni nazo zilipewa ardhi na Leta ile ile ya kikoloni.

Kwa hiyo nawaomba mambo ya kawaida kabisa. Ukiitwa kutia sahihi juu ya shamba, usitie sahihi mezani. Nenda, tembea mpaka kwa miguu, uliza majirani wa pande zote nne. Sheria yenyewe ya 1973 inataka uchunguzi ufanyike palepale kabla ardhi ya kijijini haijapewa mtu, na mwenye malalamiko anaweza kusema kwa kinywa chake, hata kama hajui kuandika. Mama mjane, ukiona watu wanapima karibu na shamba lako, usingoje. Chukua wale waliokuwepo wakati kalinzi ilipotolewa, au watoto wao, nendeni pamoja kwa shefu na kwa ofisi ya ardhi. Sertifika ikimaliza miaka miwili ni vigumu sana kuivunja. Mara nyingi utaambiwa udai malipo tu, shamba hapana.

Na wewe mwenye karatasi ya namna hiyo ndani ya sanduku, unajua hali yake. Elia hakungoja Ahabu aje hekaluni, Mungu alimtuma amkute palepale ndani ya shamba. Zakayo alirudisha mara nne akiwa bado nyumbani kwake, Yesu yuko pale. Wazee wa kanisa wako tayari kukusindikiza kwa mwenye shamba, na hakuna atakayelitangaza kwenye redio.