Aina Mpya ya Stroberi: Kutoka Ua Lililohasiwa hadi Maelezo Rasmi



Nimeombwa nizungumzie hatua za kupata aina mpya ya stroberi. Nitazipitia, lakini kuna hoja moja ninayotaka ibebe mada nzima. Kazi ya kuelezea aina, yaani kuandika kwa makini ilivyo na inavyotofautiana na nyingine, haingoji mpaka uzalishaji uishe. Inaanza siku mtafiti anapochagua wazazi. Ikiachwa nyuma, jasho la miaka mingi hubaki halina mwenyewe.

Historia ya zao hili inatosha kuwa ushahidi. Mwaka 1714 mhandisi wa jeshi la Ufaransa, Amédée-François Frézier, alirejea kutoka Chile na miche mitano ya stroberi ya pwani ya Pasifiki, Fragaria chiloensis, ambayo wenyeji wa huko, Wamapuche na majirani zao, walikuwa wameilima kwa vizazi vingi. Matunda yake yalikuwa makubwa kuliko yote yaliyojulikana Ulaya wakati huo. Ilipopandwa Ufaransa, ikachanua isizae. Katika spishi hiyo mimea ya kiume na ya kike aghalabu huwa mbalimbali, na Frézier alikuwa amebeba ya kike mitupu. Kule Brittany, karibu na Brest, wakulima waliona kwamba ikipandwa jirani na Fragaria virginiana, stroberi iliyotoka Amerika Kaskazini, inazaa vizuri. Aliyeeleza kwa nini ni kijana Antoine Nicolas Duchesne. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1766, akiwa hajatimiza hata miaka ishirini, alitenganisha maua ya kiume, ya kike na yenye jinsia zote mbili, akaonyesha kwamba ile stroberi kubwa iliyokuwa imeenea katika bustani za Ulaya ni chotara wa hizo mbili za Amerika. Ndiyo Fragaria × ananassa tunayoilima leo Limuru, Lushoto na Njombe. Kwa miongo kadhaa watu walikuwa na mimea hiyo mikononi bila kujua ni kitu gani, mpaka alipotokea mtu wa kukaa chini na kutazama stameni, viungo vya kiume vya ua.

Sasa tuje kwenye mmea wenyewe. Stroberi ya bustani ina kromosomu 56, zikiwa seti nane, wakati stroberi ndogo ya porini ya Ulaya, Fragaria vesca, ina 14 tu. Kwa utajiri huo wa urithi, kila mbegu inayotoka kwenye tunda moja ni mmea tofauti, na karibu hakuna unaofanana na mama yake. Mkulima anayepanda mbegu alizozikwangua kwenye tunda la aina ya Chandler hapati Chandler. Kwa upande mwingine, mche mmoja mzuri ukishapatikana hauhitaji vizazi saba vya kuutuliza kama tunavyofanya kwenye mahindi. Unauzidisha kwa matawi tambazi, yale yanayotambaa ardhini na kuotesha miche kwenye vifundo, na miche yote inakuwa nakala ya mama. Kwa hiyo ugumu wote uko kwenye kuupata mche huo mmoja na kuutambua ukishakuwa mbele yako.

Tunachagua wazazi gani? Hapa nadhani tumekuwa tukiiga bila kupima. Aina zinazojulikana zaidi kwetu, kama Chandler iliyotolewa mwaka 1983, Camarosa ya miaka ya 1990 na Albion ya mwaka 2004, zote ni kazi ya Chuo Kikuu cha California. Huko tatizo kubwa lilikuwa urefu wa siku. Stroberi ya kawaida huanza kutunga maua siku zikiwa fupi, mwanga ukiwa chini ya saa 14 hivi. Kiangazi kirefu cha California kikiingia inaacha maua na kutoa matawi. Miaka ya 1950 Royce Bringhurst, mtafiti wa chuo hicho, alichukua mmea wa porini kwenye milima ya Wasatch, jimbo la Utah, wenye uwezo wa kuchanua bila kujali urefu wa siku. Aliuingiza katika aina za bustani kizazi baada ya kizazi, na aina za kwanza zenye sifa hiyo, Aptos, Brighton na Hecker, zilitolewa mwaka 1979. Zaidi ya miaka ishirini ilitumika kwa sifa moja. Nawaheshimu sana kwa uvumilivu huo.

Lakini sisi tuko karibu na Ikweta. Siku zetu ni za saa 12, Januari hadi Desemba, na penye ubaridi wa milimani hata aina za siku fupi huchanua karibu mwaka mzima. Sifa iliyowagharimu Wamarekani miaka ishirini, sisi tumepewa na jua. Shida zetu ziko kwingine. Siku ndefu na joto ndivyo vinavyochochea matawi tambazi. Kwenye siku fupi za baridi matawi hayo ni machache, ndiyo maana wakulima wengi hupasua shina la mama na kugawana vipande. Mvua za masika huleta ukungu wa kijivu unaoozesha tunda likiwa shambani. Na tunda lazima lihimili safari ya barabara mbovu hadi mjini. Ningekuwa na nafasi ya wazazi sita tu, ningetafuta wenye ngozi ngumu, maua yanayosimama juu ya majani ili yakauke upesi baada ya mvua, na uwezo wa kutoa matawi hata siku zikiwa fupi. Uchanuaji usiojali siku ningeuweka mwisho. Jambo la kuangalia ni undugu wa wazazi hao: stroberi hudhoofika haraka ikichanganywa na ndugu wa karibu, na aina nyingi za kibiashara zina mababu wale wale. Kwa hiyo ukoo wa kila mzazi uandikwe kabla ya kugusa ua lolote.

Kuchanganya kwenyewe ni kazi ya vidole na subira. Ua linachukuliwa likiwa bado kichipukizi, petali zimeanza kuonekana nyeupe lakini hazijafunguka. Kwa kibano chenye ncha kali, au ukucha kwa waliozoea, unakata kwa kuzunguka kitako cha ua, na mkato mmoja unaondoa sepali, petali na stameni kwa pamoja. Inabaki nundu ndogo ya kijani iliyojaa stigma, mfano wa brashi laini. Stameni hata moja isisalie. Aina zetu nyingi zina jinsia zote mbili kwenye ua moja, na kifuko kimoja cha chavua kilichosahaulika kinatosha kukupa watoto ambao baba yao ni mama yao. Ua lililohasiwa linafunikwa kwa mfuko wa karatasi. Chavua ya baba inaandaliwa kwa kukusanya vifuko vyake na kuvianika kwenye karatasi ndani ya chumba kikavu usiku kucha mpaka vipasuke na unga wa manjano umwagike. Siku inayofuata unaipaka kwa brashi juu ya stigma, na unarudia siku moja au mbili baadaye kwa sababu stigma zote hazikomai pamoja. Tunda lililochavushwa nusu hujikunja, na ukiliona hivyo ujue mbegu zitakuwa chache. Kibandiko kifungwe kwenye kikonyo siku hiyo hiyo: mama kwanza, kisha baba, kisha tarehe.

Baada ya mwezi hivi tunda linaiva. Zile punje zilizo juu ya ngozi ndizo matunda ya kweli kwa lugha ya botania, kila moja ikiwa na mbegu yake ndani. Nyama nyekundu tunayoila ni kitako cha ua kilichovimba. Tunda linasagwa na maji kwenye blenda kwa mwendo mdogo. Punje nzima zinazama, tupu zinaelea. Ganda la punje ni gumu, kwa hiyo zinahitaji wiki kadhaa za ubaridi na unyevu kwenye jokofu, au dakika chache ndani ya asidi ya salfuriki kwa maabara zenye vifaa vya kujikinga. Zinapandwa juu ya udongo bila kufukiwa, maana zinataka mwanga.

Kisha unakuja mchujo. Programu kubwa huotesha maelfu ya miche kwa mwaka na kubakiza asilimia moja au mbili. Mche unaoonekana bora mwaka wa kwanza unapewa namba, unazidishwa, na kujaribiwa kwenye vitalu vingi, kisha katika maeneo tofauti, kabla ya yeyote kuthubutu kuupa jina. Albion ilianza na uchanganyaji wa mwaka 1997, mzazi mmojawapo akiwa aina iitwayo Diamante. Ilitolewa kwa wakulima mwaka 2004, na hataza yake ya Marekani ikapatikana mwaka 2006. Hiyo ni miaka saba mpaka kumfikia mkulima, katika kituo chenye mashamba, maabara na miongo ya uzoefu. Anayeahidi aina mpya kwa miaka mitatu hajalijua zao hili.

Sasa nifike pale ninapopaombea muda mrefu zaidi. Sheria za haki za wagunduzi wa aina mpya, zinazofuata mkataba wa UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, ambao Kenya iliingia mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2015, zinauliza mambo matatu kuhusu mmea: je, ni tofauti na kila aina inayojulikana? Je, miche yake inalingana yenyewe kwa yenyewe? Je, inabaki hivyo ikizidishwa tena na tena? Stroberi inayozidishwa kwa matawi hupita swali la pili na la tatu bila taabu kubwa. Shida ni la kwanza, na jibu lake haliwezi kuwa "ni tamu sana" au "inazaa kuliko Chandler". Utamu hubadilika na mvua, mazao hubadilika na mbolea. UPOV ina mwongozo maalumu wa stroberi, na macho yake yako kwenye mambo ambayo mnunuzi sokoni hayaoni.

Mnazitazama petali: zimeachana, zimegusana au zimepandana? Shada la maua liko chini ya majani, sawa nayo au juu yake? Kipande cha katikati cha jani kina urefu na upana wa uwiano gani, meno ya ukingo wake ni makali au ya mviringo, na ukikikata kwa upana kimebonyea au kimebinuka? Mnafika kwenye tunda, na hapo mnatulia. Umbo lake ni la koni, la moyo, la yai au la kabari? Punje zimezama ndani ya ngozi, ziko sawa nayo au zimechomoza? Shingoni, chini ya vijani vya kijani, kuna ukanda usio na punje: ni mpana, mwembamba au haupo? Vijani vyenyewe vimeinuka, vimelala au vimekunjuka nyuma? Mkilipasua, moyo wake ni mweupe au mwekundu, mtupu au umejaa? Rangi zinasomwa kwa kadi za rangi za Royal Horticultural Society, si kwa kukumbuka, na zinasomwa kwenye matunda yaliyoiva kwa kiwango kimoja. Lakini jambo la lazima kuliko yote ni aina za kulinganishia ziwe zimepandwa ubavuni mwa mpya, siku moja, udongo mmoja. Maelezo yaliyoandikwa Limuru kuhusu mche mpya hayalinganishwi na maelezo ya Camarosa yaliyoandikwa California.

Vipimo vya DNA vinasaidia, hasa kugundua udanganyifu au vibandiko vilivyochanganyika kitaluni. Jenomu ya Camarosa ilichapishwa mwaka 2019 na imewarahisishia watafiti kazi ya kutafuta jeni za ukinzani. Hata hivyo maelezo rasmi bado yanategemea macho na rula, na nafurahi kwamba ndivyo ilivyo, kwa sababu vifaa hivyo vinapatikana katika kila kituo chetu.

Kuhusu jina na usajili nitasema machache. Jina lisipotoshe, "Tamu Kuliko Zote" litakataliwa, na jina la aina nyingine iliyokwisha sajiliwa litakataliwa pia. Maombi Kenya yanapelekwa KEPHIS, taasisi ya ukaguzi wa afya ya mimea, na Tanzania kwenye ofisi ya haki za wagunduzi iliyo chini ya Wizara ya Kilimo. Ulinzi hudumu angalau miaka 20. Msisahau sharti la upya: aina ikiuzwa ndani ya nchi kwa ridhaa ya mwenyewe zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuomba, haki inapotea. Mtafiti anayeanza kuuza miche ya namba yake sokoni ili apate fedha za mradi anaweza kuwa anauza na haki yake.

Wakulima waliomo ukumbini wana wasiwasi wa haki, na sitaukwepa. Wamezoea kugawiana miche kama ujirani unavyotaka, na aina yenye ulinzi haigawiwi hivyo bila ruhusa. Hataza ya Chandler iliisha zamani na yeyote anaweza kuizidisha. Msimamo wangu ni kwamba taasisi ya umma inayotumia kodi ya wananchi ikisajili aina, iwaruhusu wakulima wadogo kwa maandishi kuzidisha kwa matumizi ya mashamba yao. Inawezekana, na ni haki. Lakini kupasua mashina ya zamani mwaka baada ya mwaka kuna gharama nyingine isiyohusu sheria: virusi vinavyosambazwa na vidukari, pamoja na minyoofundo ya udongoni, husafiri na kila kipande. Mashamba mengi yanayoitwa ya Chandler yamedhoofu kwa sababu hiyo, na baadhi huenda si Chandler kabisa. Hakuna mahali pa karibu mkulima anapoweza kupeleka mche wake ukalinganishwa na wa asili.

Kwa hiyo ninaloomba semina hii ipitishe ni bustani ya rejea: miche safi ya Chandler, Camarosa na Albion iliyotokana na ukuzaji wa tishu na kupimwa virusi, ipandwe katika vituo viwili vya nyanda za juu, kila upande wa mpaka wa Kenya na Tanzania kimoja, na ielezwe upya kwa mwongozo wa UPOV misimu miwili mfululizo, katika siku zetu za saa 12. Mchanganyo wa kwanza ufanyike baada ya hapo, na miche itakayotokana nao ipandwe ubavuni mwa bustani hiyo hiyo.