Mgonjwa na Haki ya Kuijua Bei

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyejaalia kila ugonjwa uwe na dawa yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baad. Ndugu Waislamu, mlio msikitini na mnaotusikiliza majumbani, tunajiusia nafsi zetu kwanza, kisha tunakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tunazungumza juu ya bima ya afya, na hasa juu ya haki ya mgonjwa kuijua bei kabla hajatozwa.

Mtume wetu (s.a.w.) alipita sokoni akakuta fungu la nafaka. Akatia mkono wake ndani, vidole vikatoka na umajimaji. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mdanganyifu hana nafasi katika wafuasi wake. Tuzingatie, ndugu zangu: mvua haikuwa kosa la mtu yule. Kosa lake lilikuwa kuficha.

Sisi wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega tunalielewa jambo hili kwa pamba yetu. Bei ya kilo hutangazwa msimu unapofunguliwa, na mkulima hupimiwa mzigo wake mbele ya macho yake kwenye chama cha msingi. Akiutilia shaka mzani, husema. Lakini mkulima yuyo huyo akimpeleka mtoto wake kulazwa, mara nyingi huijua bei siku ya kutoka wodini. Mwenye pamba aweza kurudi na pamba yake nyumbani. Mwenye mgonjwa atarudi na nini?

Bima asili yake ni kusaidiana: wazima huchangia ili mgonjwa asianguke peke yake. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ukatungiwa sheria mwaka 2001. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu wasiozidi sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, ikatibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Hiyo ni kheri kubwa. Lakini wapo waliokata kadi wasielezwe mpaka wake. Mgonjwa wa Bariadi alipopewa rufaa ya kwenda Bugando, Mwanza, alifika hospitali ya kanda na kadi ambayo mpaka wake uliishia mkoani. Hapo ndipo ng'ombe huuzwa usiku, na ng'ombe wa dharura hauzwi kwa bei yake. Wengine huiogopa bei wasiyoijua kuliko ugonjwa wanaoujua, wakangoja nyumbani mpaka maradhi yakawashinda.

Mwaka 2024 tulipata somo jingine. Tarehe 1 Machi Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kutumia kitita kipya cha bei. Wenye hospitali binafsi wakasema bei zile hazikidhi gharama zao, na baadhi yao wakasitisha kwa muda huduma kwa wanachama wa Mfuko. Hatukusimama hapa kuamua nani alikuwa na haki. Twasema tu kwamba wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Na aliyeumia ni mwanachama ambaye mchango wake ulikwisha kukatwa.

Wanazuoni wamelijadili sana suala la bima. Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Kiislamu, lenye makao yake Jeddah, liliikataa bima ya kibiashara kwa sababu ya gharar, yaani mkataba uliojaa mambo yasiyojulikana, likaikubali bima ya kusaidiana. Uwazi hauondoi kila hoja katika suala hili, lakini kiza huiharibu hata bima iliyo halali. Wala hatudai dawa iuzwe kwa hasara au mganga afanye kazi bure. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipoombwa awapangie watu bei, alikataa, akichelea kumdhulumu mtu. Tunalodai ni bei kusemwa.

Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Anayetakiwa na sheria kuchangia ana haki iliyo kubwa zaidi ya kujua anachangia nini.

Basi yatupasa mambo matatu. Kwanza, wenye vituo vya tiba wabandike bei mahali pa mapokezi, kwa Kiswahili chepesi, na mzee asiyejua kusoma asomewe, hata kwa Kisukuma. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza waambiwe misamaha ambayo sera ya nchi imewapa, wasingoje kuuliza.

Pili, wanaoandikisha wanachama waseme kadi inatibu nini, inaishia wapi, na kipi mtu atalipa mfukoni. Kulinyamazia hilo ni kuifunika nafaka iliyolowa.

Tatu, sisi wenyewe tuulize kabla ya kulipa, tudai stakabadhi na kuihifadhi. Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe, nasi tusione haya kuomba karatasi. Enyi wanafunzi, wasomeeni wazazi wenu masharti ya kadi. Na asiwepo miongoni mwetu wa kumwazima jirani kadi yake ili atibiwe kwa jina lisilo lake. Mfuko ni amana ya wote, na hatuwezi kudai uwazi kwa mkono mmoja huku mkono wa pili tunaficha.

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi. Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, wape uadilifu wanaowahudumia, na utuepushe na kula mali ya watu kwa batili. Amin.

Wabillahi taufiq.