Mwana wa Mfua Nguo
Maneno yaliyonenwa mbele ya walimu na Wakristo katika sikukuu ya Yubilei

Tumeamriwa kusema habari za vitabu vya watoto na kazi ya wale wanaoviandika. Wengi wenu mwangoja tuanze na Askofu Steere na mtambo wa kupigia chapa huko Unguja. Naye tutamfikia. Lakini twataka kwanza kuwapeleka nchi ya baridi, Denmark, katika mji wa Odense, kwa sababu mtu mmoja wa huko ametusumbua moyo kwa muda mrefu, na leo tumepata nafasi ya kuwaeleza kwa nini.

Jina lake ni Hans Christian Andersen, naye alizaliwa tarehe 2 Aprili 1805. Baba yake alikuwa fundi wa viatu, tena maskini; mama yake alifua nguo za watu mtoni, akasimama majini hata siku za baridi kali. Baba alijua kusoma, na jioni alimsomea mwanawe hadithi za Alfu Lela Ulela, zile zile zilizofika na pwani yetu pamoja na Waarabu. Bibi yake alitunza bustani ya nyumba ya wagonjwa wa akili, na katika nyumba ile mlikuwa na chumba ambamo wanawake wakongwe, maskini, walikaa wakisokota nyuzi. Mtoto aliingia akaketi kati yao, nao wakamhadithia walizozisikia kwa bibi zao. Hicho ndicho chuo chake cha kwanza. Baba alikufa mwaka 1816, na mtoto ana miaka 11 tu.

Mwaka 1819 alipata kipaimara, akavaa buti za kwanza maishani mwake. Akaingiza suruali ndani ya buti, watu wapate kuziona vizuri. Alipotembea kanisani zikalia kwa upya wake, naye akafurahi, maana watu wote watasikia kuwa ni mpya. Kisha moyo ukamchoma, kwa sababu alikuwa akifikiri buti kuliko Mungu. Jambo hilo aliliweka moyoni miaka mingi, na mwaka 1845 likatoka katika hadithi ya viatu vyekundu. Makatekista wenzetu, sisi tumekwisha kuwaandaa watoto wangapi? Twawatazama wamepangwa mstari, nguo nyeupe, viatu vipya, twahesabu vichwa tuandike daftarini. Yaliyomo ndani ya vichwa hivyo hatuyaulizi.

Mwaka ule ule, akiwa na miaka 14, alikwenda peke yake Copenhagen, mji mkuu, kutafuta riziki. Akajaribu kuimba, sauti ikamharibikia. Akajaribu kucheza dansi na michezo ya kuigiza katika nyumba ya mfalme, wakamkataa. Mwisho bwana mmoja mkubwa wa serikali, Jonas Collin, alimwonea huruma, akamwombea fedha za mfalme, akapelekwa shule mwaka 1822. Alikuwa na miaka 17, naye akaketi benchi moja na watoto wa miaka 11 na 12. Mwalimu wake mkuu alimdhihaki mbele ya wenzake, akamkataza kutunga. Hata alipokuwa mzee, na jina lake limejulikana kila mahali, bado aliota ndoto usiku ya kuwa amesimama mbele ya mwalimu yule.

Hapo yatupasa kusimama kidogo. Tulipoanza kufundisha, katika shule ambayo hatutaitaja, tuliwapa watoto insha ya kuandika. Mmoja wao aliandika habari za sungura na fisi kama alivyosikia kwa bibi yake, na milio yote ndani yake, “puu!” na “chubwi!”, na maneno ya kwao yamechanganyika na Kiswahili. Tukaijaza wino mwekundu. Wino haukututosha, tukaisoma kwa sauti mbele ya darasa ili wenzake wacheke, nao walicheka. Tangu siku ile mtoto yule aliandika mistari mitatu tu kwa kila insha, mistari isiyo na kosa hata moja, na sisi tukampa alama nzuri. Siku hizi ni mtu mzima mwenye watoto wake. Hutuamkia kwa heshima njiani, “Shikamoo, Mwalimu,” nasi twaitikia marahaba. Hatujapata kumwomba radhi.

Basi, turudi Copenhagen. Andersen alimaliza masomo, akaandika mashairi, michezo, na habari za safari. Mwaka 1835 alitoa kitabu kikubwa kilichompatia sifa, na katika Mei ya mwaka ule ule kikatoka kijitabu chembamba cha kurasa 61, chenye hadithi nne za watoto. Tatu katika hizo ni hadithi alizozisikia alipokuwa mdogo; ya nne aliitunga mwenyewe. Rafiki yake Ørsted, mwanachuoni wa elimu ya umeme, alimwambia kwamba kitabu kikubwa kitampa jina, lakini hizi ndogo zitamfanya asife. Andersen mwenyewe hakusadiki.

Wahakiki nao hawakupendezwa. Walilalamika kuwa ameandika kama watu wasemavyo, wala si kama vitabu viandikwavyo, tena hadithi zake hazina mafundisho. Wengine wakamshauri asipoteze wakati wake kwa mambo ya namna ile. Laiti tungalikuwako, sisi na wino wetu, tungaliketi pamoja nao!

Kumbe kuandika vile kulikuwa na jasho lake. Alikuwa na desturi ya kuzuru nyumba za rafiki zake na kuwahadithia watoto wao. Mwana wa yule bwana Collin, aliyemsikia mara nyingi, ameeleza jinsi alivyosema. Mtu mwingine angesema kwamba watoto walipanda gari wakaenda zao. Andersen aliwapandisha garini mbele ya macho ya wasikilizaji: wakamwaga baba, wakamwaga mama, mjeledi ukalia, farasi wakatoka mbio. Huku akisema, mara nyingi alikuwa na mkasi mkononi akikata karatasi iliyokunjwa, na hadithi ilipokwisha aliikunjua, na tazama, ni wachezaji wameshikana mikono, au ngome, au bata-maji. Kisha alirudi chumbani, akatafuta njia ya kuitia sauti ile katika wino, akaandika, akafuta, akaandika tena.

Wala hakuacha kazi hata ilipofika kwa mpiga chapa. Mwaka 1837 aliandika ile hadithi ya mfalme aliyedanganywa na wafumaji wawili, akatembea uchi mbele ya watu wake akidhani amevaa nguo za ajabu. Mwanzoni haikuwa na mtoto mwishoni. Karatasi za kusahihisha zilikuwa zimekwisha tolewa alipobadili mwisho wake, akamtia mtoto mdogo asemaye wazi kwamba mfalme hana nguo. Leo kila aijuaye hadithi hii amjua kwa mtoto yule, naye alikaribia kuachwa nje ya mlango.

Mwaka 1838 mfalme alianza kumpa fedha kila mwaka, akapata kukaa na kuandika bila kuogopa njaa. Tangu mwaka 1843 aliacha kuandika juu ya jalada kwamba hadithi zimesimuliwa kwa watoto, kwa sababu alijua wazazi nao wanasikiliza, naye alitaka wapate neno lao. Mama yake hakuyaona hayo. Alikufa mwaka 1833, maskini, na mwanawe yuko mbali. Watu walikuwa wakimsema mama yule kuwa mlevi, kwa kuwa alikunywa kileo ili kujipasha moto katika maji ya baridi. Miaka karibu 20 baadaye mwana aliandika hadithi ya mfua nguo ambaye mkubwa wa mji alisema hafai kitu. Na katika hadithi hiyo mwenye kumtetea marehemu ni mwanamke maskini mwenzake.

Alitoa hadithi 156 kwa jumla. Tarehe 6 Desemba 1867 mji wa Odense ulimfanya raia wake wa heshima, taa zikawashwa madirishani kote. Naye, maskini, jino lilimwuma usiku ule hata asiweze kufurahi sawasawa. Alikufa tarehe 4 Agosti 1875, na siku yake ya kuzaliwa sasa ni siku ya vitabu vya watoto katika nchi nyingi.

Na kwetu? Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, yeye mwenyewe hajawa askofu. Andersen alikuwa hai bado, akiandika. Steere alisikiliza watu wa Unguja, akaandika hadithi kutoka vinywani mwao, na mwaka 1870 zikapigwa chapa London, Kiswahili upande mmoja, Kiingereza upande wa pili. Mna kima na papa na punda wa dobi; mna mwalimu Goso, aliyeangukiwa na buyu akafa, wanafunzi wake wakazunguka wakitafuta mwuaji. Mgeni aliona kuwa maneno hayo yastahili karatasi. Nasi wenyeji, tuliosomeshwa na Misioni ile ile iliyopenda hadithi, mara nyingi tuliwaambia watoto waziache mlangoni pa shule. Hatusemi hivi kwa kuwalaumu wazee waliotutangulia. Twajisema wenyewe, kwa kuwa wino ulikuwa mkononi mwetu.

Basi, kwa idhini ya Padre Paroko, leo baada ya sala ya jioni bibi yetu mmoja wa kigango cha juu, ambaye wengi mlilelewa naye, amekubali kuketi chini ya mwembe na kutuhadithia. Madaftari yako mezani kwa katibu, na penseli. Kila mwalimu achukue moja. Bibi akisema “puu!”, andikeni puu. Akitumia neno la kwao, liandikeni kama lilivyo, kisha mwulizeni maana yake akimaliza. Watoto waketi mbele, walimu nyuma yao. Yeye ameomba kiti chenye mgongo na chai ya tangawizi, na tena ameomba mtu asimkatize.