Varoa, Adui wa Nyuki: Jinsi ya Kumtambua Mzingani



Leo twazungumza habari za mdudu mdogo sana aitwaye varoa. Yeye ni namna ya utitiri, na asili yake ni kwa nyuki wa Asia. Mwaka 2009 alionekana katika mizinga ya Kenya na Tanzania. Hula miili ya nyuki na ya watoto wao, tena huwaambukiza ugonjwa wa kuharibu mabawa. Mzinga ulioshambuliwa sana hupungukiwa nyuki, na palipo nyuki wachache hapana asali.

Dalili ya kwanza huonekana nje. Tazama chini mbele ya mzinga. Ukiona nyuki wachanga wanatambaa na mabawa yao yamekunjamana, basi uwe na shaka.

Halafu, jioni jua likiisha kupoa, vaa nguo za kujikinga, shika bomba la moshi, ufungue mzinga. Tafuta sega lenye watoto wa madume. Vifuniko vyao vimetuna kuliko vya nyuki watenda kazi. Varoa hupenda kuzaa humo, kwa kuwa dume hukaa ndani ya kijumba siku nyingi zaidi. Fungua vijumba kama 50 kwa mwiba, ukivuta kila mtoto nje taratibu. Mtoto ni mweupe, na varoa ni mwekundu wa kahawia, kwa hiyo utamwona upesi. Ni bapa kama kaa, na upana wake, kama milimita moja na nusu, wapita urefu wake.

Usimchanganye na chawa wa nyuki. Chawa ana miguu 6, varoa ana 8. Tena chawa hupanda nyuki wazima. Hakai juu ya watoto ndani ya vijumba.

Ukimwona varoa, usinyunyize kabisa dawa ya pamba wala ya mbu. Itaua nyuki, nayo itaingia katika asali unayokula na kuuza. Kata sega lile la madume, ulichome moto mbali na mizinga. Wakati wa kurina, waachie nyuki chakula cha kutosha, maana nyuki wetu wakiwa na nguvu waweza kuishi na varoa wachache. Mzinga wenye varoa wengi usiuhamishe. Mwite kwanza afisa wa nyuki wa wilaya yako auone.