Transista Mpya Ndani ya Redio ya Zamani

(Maneno yaliyosemwa na mafundi wa redio mbele ya wanachama wa Thika na Ruiru)



Halmashauri ya tawi imetuomba tuseme juu ya redio za kusemezana, zile ambazo wengi wenu huziita redio koli. Twajua si wote hapa ni mafundi. Lakini askari wa lango huishika usiku kucha, dereva wa trakta anayo shambani kwenye mananasi, na karani wa ghala anayo mezani pake. Redio ikinyamaza, anayeumia kwanza ni yule aliyeko gizani, anabonyeza kitufe na hapana wa kumjibu. Basi sikilizeni, hata kama chuma cha kulehemu hamjakishika maisha yenu.

Tutaanza na jambo lililompata mwenzetu mmoja. Jina la tajiri wake hatulitaji. Redio ya gari la doria upande wa Ruiru ilikuwa ikisikia vizuri, lakini yenyewe haisikiki. Fundi akiambiwa hivyo, hushuku ile transista kubwa ya mwisho, ambayo ndiyo hutia nguvu sauti iende kwenye aeriali. Mwenzetu alipofungua akaikuta imekufa, na ilikuwa ya aina iliyokwisha kuachwa kutengenezwa. Ofisini akaambiwa, "Tafuta yoyote, redio itoke leo." Akaenda Nairobi, akapata moja yenye jina lile lile, akaitia. Ikafanya kazi siku tatu. Siku ya nne ikaungua, ikachoma na njia za shaba kwenye bodi. Mwisho wa mwezi akaona bei ya redio nzima imeanza kukatwa katika mshahara wake.

Kwa nini iliungua? Kwa sababu ilikuwa ya bandia. Transista za zamani zikiadimika, bei hupanda, na wajanja huchukua transista hafifu, huiparura uso, kisha huandika juu yake jina linalotafutwa. Ifuteni kwa pamba yenye spiriti. Maandishi yakitoka upesi, au uso ukionyesha mikwaruzo chini ya rangi, msiitie katika redio ya mtu. Iwekeni pia kando ya ile iliyokufa, mkitazama unene wa bati lake na umbo la miguu. Mwenzetu hakupewa hata saa moja ya kutazama hayo.

Dawa iliyo bora ni kuacha kutafuta jina la zamani na kutia transista ya kisasa, ile iitwayo mosfeti. Hapo ndipo fundi mwenye haraka huharibu mara ya pili, maana hudhani mbadala ni sawa na kubadili balbu ya nyumba.

Tuchukue mfano wa 2SC1969 ya Mitsubishi, iliyokuwamo katika redio nyingi za masafa marefu, kama zile za malori yaendayo Marsabit na Moyale. Kazi yake ni wati 16 hivi kwa volti 12. Baadaye kampuni ile ile ilitoa RD16HHF1, nayo ni ya wati 16, kwa umbo ni kama pacha. Lakini tazameni miguu. Ya zamani, ukihesabu kutoka kushoto, ni besi, kolekta, emita. Ya pili ni geti, sosi, dreni. Mguu wa katikati ambao zamani ulipokea umeme wa betri, sasa ndio wa kwenda chini kwenye bodi. Ukiilehemu vivyo hivyo, umeme hupita ndani yake moja kwa moja, na bahati yako ikiwa njema ni fyuzi tu itakayokatika. Hapana budi miguu miwili ivukane, au njia za bodi zikatwe na kuungwa upya. Tena bati la mgongoni la ile ya zamani ni kolekta, ndiyo maana lilitengwa kwa kipande cha maika. Bati la hii mpya ni sosi, laweza kukaa juu ya chuma cha redio bila maika, likapoa vizuri zaidi.

Kisha kuna umeme mdogo wa kuiamsha. Transista ya zamani huamka kwa volti 0.6 au 0.7 kwenye besi. Mosfeti hii hutaka zaidi, tangu volti 1.5 hadi 4.5, na hata mbili za mkebe mmoja hazilingani. Redio za doria za VHF zina shida nyingine: nyingi hazikupewa umeme wa kuamsha hata kidogo, besi imefungwa chini kwa koili, na transista huamshwa na sauti yenyewe ikija. Mosfeti ukiitia hapo hulala usingizi, nawe utadhani umeuziwa mbovu. Yafaa uiongezee njia ndogo ya volti iliyotulia, yenye kirekebishi cha kuzungushwa kwa bisibisi, uanze na sifuri, upande pole pole huku ukitazama mita ya ampea hadi kiasi kilichoandikwa katika karatasi ya mtengenezaji. Na njia hiyo iwake wakati wa kusema tu.

Siku ya kwanza ya kuwasha, sisi huweka balbu ya taa ya gari, ya wati 21, kati ya betri na redio. Kukiwa na kosa, balbu huwaka na transista hupona. Ni ujanja wa kimaskini, lakini umetuokolea pesa nyingi kuliko mita zote tulizowahi kuazima. Balbu ikitulia, iondoeni, mpime nguvu kwa mzigo wa omu 50, si kwa aeriali. Mosfeti hukuza kuliko transista ya zamani, na mara nyingine huanza kupiga kelele yenyewe, ikitapakaa katika masafa ya watu wengine. Masafa hayo hutolewa kwa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na huenda jirani yako katika masafa ni ambulansi. Rezista na kapasita kutoka dreni kurudi kwenye geti hutuliza kelele hiyo, kisha koili na kapasita za kurekebisha zipangwe upya.

Kazi yote hii ni ya siku nzima, pengine mbili. Yataka mita, mzigo wa kupimia, na transista iliyonunuliwa kwa muuzaji anayetoa risiti. Anayesema redio itoke leo bila vitu hivyo ndiye aliyechagua iungue.

Tukaenda kwa tajiri yule tukiwa watu watatu, na Sheria ya Ajira ya 2007 mkononi. Kifungu cha 19 chamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, ikiwa mfanya kazi ameiharibu kwa makosa ya kukusudia. Tukamwuliza, kununua kitu cha bandia kwa amri ya ofisi ni kukusudia kwa nani? Alikasirika kwanza, akasema fundi ni lazima ajue. Tukamwonyesha ile transista, tukaifuta kwa spiriti mbele yake, jina likatoka lote. Pesa zilirudishwa kwa miezi miwili. Tangu hapo mwenzetu huandika katika daftari kila kitu alichoomba, alichopewa, na aliyetoa amri, kisha mkubwa hutia sahihi. Wengine wamemcheka kwa daftari lile. Sisi hatucheki.

Limebaki moja, nalo ni la mapafu yenu. Transista kubwa za zamani zenye skrubu chini na kauri nyeupe, kama 2N6080 hadi 2N6084, kauri yake huwa na oksidi ya berili. Ikiwa nzima haina neno. Ikivunjwa, ikipigwa tupa au ikichomwa, vumbi lake likivutwa huleta ugonjwa wa mapafu usiopona, nao waweza kuonekana baada ya miaka mingi. Tumeona vijana wakizipasua kwa nyundo wapate dhahabu kidogo iliyo ndani. Acheni leo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, lakini kwa vumbi hili kinga ya kweli ni kutolizua.

Wenye transista hizo, nzima au mbovu, wazitie katika mkebe wenye kifuniko, waandike juu yake kilichomo, wazilete ofisi ya tawi. Zilizokwisha vunjika msizifagie kwa ufagio mkavu. Funikeni kwa kitambaa chenye maji, mfunge chumba, mtuite.